Lori Lishushe Wapi? Somo la Kupakia na Kupakua Mizigo Sokoni Kivaa

Duka haliwezi kuuza unga ambao haujashushwa. Simenti, mabati, sukari, soda, mbolea na mikate, vyote hufika Kivaa vikiwa juu ya lori, kanta au pikapu, na maembe na ndengu za wakulima wetu hutoka kwa njia hiyo hiyo. Kwa hivyo somo hili halianzi kwa kuwalaumu madereva. Lori linaposimama mbele ya duka linafanya kazi ambayo sote tunaihitaji. Tunachouliza ni lisimame wapi, saa ngapi, na kwa muda gani. Mahali ambapo maswali hayo hayajajibiwa, kila dereva hujijibia mwenyewe, na jibu lake huwa moja: karibu kabisa na mlango wa duka.

Kivaa, kama masoko mengi ya Masinga, limekua kando ya barabara. Barabara ya Kangonde kwenda Embu ina kazi mbili ambazo hazipatani vizuri. Inapitisha watu na mizigo isiyo na shughuli yoyote Kivaa, na wakati huo huo inatumika kama uwanja wa soko. Dereva anayetoka Embu kwenda kushika barabara ya Thika na Garissa anaiona kama njia. Mama mboga anaiona kama mahali pa kazi. Lori linaloshusha simenti linakaa katikati ya mitazamo hiyo miwili.

Tuanze na hatari ambayo watu wengi hawaioni kwa sababu imefichwa na lori lenyewe. Lori lililosimama kando ya barabara ni ukuta. Mtoto anayetoka nyuma yake kuvuka hamwoni dereva anayekuja, na dereva hamwoni mtoto. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya kituo cha biashara au mji. Kwa mwendo huo gari husonga karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja tu kushtuka na kukanyaga breki, mita 14 zimekwisha kabla ya breki kufanya lolote, na gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu litahitaji mita nyingine 14 hivi kusimama. Jumla ni mita 28. Akipita kwa kilomita 80 kwa saa, kama wengine wanavyopita, anahitaji takriban mita 57. Gari zito huhitaji zaidi, na lami ikilowa hesabu yote inaharibika. Sasa pima kwa hatua umbali kutoka pua ya lori hadi mahali mtoto anapojitokeza. Ni hatua moja.

Kuna jambo la pili, na ndilo kiini cha somo hili. Lori huvuta soko. Linaposimama na kufungua turubai, wapagazi hukusanyika, kisha bodaboda wanaongoja kubeba mifuko, kisha mteja anayetaka kununua kwa bei ya jumla papo hapo, na baada ya wiki chache mtu anaweka jiko la chai na mwingine anatandaza nyanya, kwa kuwa biashara hufuata watu. Hakuna aliyepanga soko lisogee barabarani. Lori limesimama pale pale kila Jumanne na watu wakazoea. Ndiyo maana juhudi za kuwaondoa wachuuzi kando ya barabara mara nyingi hushindwa mwezi wa pili: wachuuzi wameondolewa lakini lori bado linashushia pale pale. Anayechagua mahali pa lori amechagua mahali pa soko.

Gharama ya soko kukaa kwenye ukingo wa barabara nchi hii tumeilipa. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo na kuvamia magari, abiria na wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Lori lile halikuwa likishusha mizigo, na hatuitaji ajali ile kwa ajili ya kulinganisha makosa. Tunaitaja kwa sababu wengi wa waliokufa walikuwa wamesimama mahali ambapo wenzao husimama kila siku katika mamia ya masoko ya Kenya, Kivaa likiwa mojawapo. Mchuuzi aliyekaa mita 3 kutoka kwenye lami hana muda wa kukimbia, hata akiona lori linakuja.

Basi mahali pazuri pa kushushia ni wapi? Kwa soko lililojengwa kwa mstari kando ya barabara, jibu la kwanza la kutafuta ni nyuma ya maduka. Pale penye kichochoro au kiwanja cha wazi ambapo kanta inaweza kuingia na kutoka bila kurudi nyuma hadi barabarani, hapo ndipo pa kuanzia. Lori dogo la ekseli mbili huwa na urefu wa mita 8 hadi 10, nalo huhitaji upana wa kutosha kwa mlango kufunguka na mpagazi kupita na gunia begani. Trela ni jambo lingine kabisa. Trela haifai kuingia katikati ya soko. Ishushiwe pembeni mwa mji, na mzigo usambazwe kwa mkokoteni, tuktuk au pikapu.

Wanaoona kwamba kushusha mara mbili ni kupoteza pesa wana hoja, na hatuipuuzi. Kila mara mfuko unaponyanyuliwa kuna anayelipwa. Lakini kuna mji wa Kenya ulioishi hivyo kwa karne nyingi. Lamu, mtaa wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mawe, saruji na vyakula hufika gatini kwa vyombo vya baharini, na kutoka hapo punda na mikokoteni huvipeleka mlangoni. Bei ya usafiri huo imo ndani ya bei ya bidhaa, na watu wameipangia. Kivaa si Lamu, lakini hoja ni hiyo hiyo: chombo kikubwa huishia ukingoni, kidogo humalizia safari. Na vijana wenye mikokoteni tunao.

Swali la saa ni la zamani kuliko lori. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakati wa Julius Caesar, sheria ilipiga marufuku mikokoteni mingi kuingia mji wa Roma kwa saa 10 za kwanza za mchana, kwa sababu barabara zilikuwa nyembamba na zimejaa watu. Mizigo ikahamia usiku. Wakazi wakaanza kulalamika kwamba hawalali kwa kelele za magurudumu. Miji ya leo inaposogeza malori kwenda usiku hukutana na malalamiko hayo hayo, pamoja na la usalama: ni nani atakayefungua duka saa 8 ya usiku kupokea bidhaa za maelfu ya pesa?

Kwa soko la kiasi cha Kivaa, usiku wa manane si lazima. Kinachofaa ni alfajiri, kabla soko halijajaa. Hata hivyo tusiweke saa moja kwa malori yote, kwa kuwa si malori yote yanayofanana. Lori la simenti linalotoka kwa muuzaji wa jumla na mzigo mmoja kwa duka moja linaweza kupangiwa saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi. Mwenye duka ndiye aliyeagiza na anaweza kumwambia dereva afike lini. Gari la mikate, maziwa au soda ni tofauti. Hilo lina njia yake, limeanza safari mjini na kupitia vituo vingi, na likifika Kivaa saa 5 ni kwa sababu limehudumia wengine njiani. Ukilizuia mchana, halitabadilisha njia yake kwa ajili yetu, litaturuka. Kwa gari kama hilo kanuni ya maana ni muda: dakika 10 au 15, mahali palipowekwa alama, dereva asiondoke kwenda kunywa chai.

Sasa tupige hesabu kidogo, kwa kuwa muda wa kushusha ndio unaoamua nafasi ngapi zinahitajika. Huu ni mfano tu, si takwimu za Kivaa. Lori limeleta tani 10 za simenti. Mfuko ni kilo 50, kwa hivyo ni mifuko 200. Mpagazi mmoja akishusha mfuko mmoja kwa dakika, wapagazi wawili watamaliza kwa dakika 100. Wapagazi wanne watamaliza kwa dakika 50. Ukiongeza dakika 10 za kuingia, kufungua turubai, kuhesabu na kutia sahihi, nafasi moja inakaliwa saa 1 badala ya karibu saa 2. Kati ya saa 11 na saa 2, yaani saa 3, nafasi hiyo moja itahudumia malori matatu badala ya lori moja na kidogo. Mwenye duka anayebana pesa ya wapagazi wawili amezuia lori la jirani yake. Katika masoko mengi tatizo linaloitwa uhaba wa nafasi ni uhaba wa mikono, na mikono ni nafuu kuliko ardhi.

Maembe yanahitaji mpango wao peke yao. Msimu ukifika, kati ya Novemba na Machi hivi, lori la dalali halishushi bali linapakia, na kupakia kwa rejareja ni kazi ya mchana kutwa. Mkulima mmoja analeta kreti tano kwa bodaboda, mwingine anakuja na punda saa 9, dalali anahesabu, anakataa yaliyochubuka, bei inazozaniwa. Lori lililosimama saa 8 kamili kando ya barabara si lori linalopakia tena, ni ghala. Ndengu zinapovunwa hali huwa hiyo hiyo, ijapokuwa gunia hupakiwa haraka kuliko embe. Kwa mazao haya dawa ni kiwanja nje ya kitovu cha soko, penye kivuli, ambapo mazao hukusanywa na kuhesabiwa kwanza na lori huitwa yakiwa tayari. Vyama vya wakulima vinaweza kulifanya hili bila kungoja mtu yeyote. Na wanapata faida nyingine: embe lililokaa kivulini hufika Nairobi likiwa na thamani zaidi ya lile lililochomwa na jua juu ya lori tangu asubuhi.

Tukiwa bado kwenye kupakia, uzito. Katika Afrika Mashariki lori la ekseli mbili haliruhusiwi kupita tani 18, likihesabiwa pamoja na mzigo wake, na la ekseli tatu tani 26. Kikomo hicho kina sababu. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hauongezeki sawasawa na uzito wa ekseli, bali kwa kiasi kinachokaribia uzito huo ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, umeongeza sehemu moja ya tano ya mzigo na umeongeza uharibifu mara mbili. Mashimo ya ukingo wa lami mbele ya maduka hayatoki mbinguni. Lori zito hupanda na kushuka pale pale kila siku, ukingo unavunjika, dizeli inayodondoka inalainisha lami, maji yanaingia. Wakazi wa Mlolongo, upande wa pili wa kaunti yetu, wanaishi katika mji ambao jina lake lilitokana na foleni ya malori yaliyongoja mizani. Huo ni ukumbusho tosha kwamba malori yasipopangiwa mahali, yanaweza hata kuubatiza mji.

Kwa madereva na taniboi, mambo machache ya kazini. Kenya tunaendesha upande wa kushoto, kwa hivyo lori lililosimama upande wake halali lina ubavu wa kushoto kuelekea maduka. Mzigo ushushwe kwa ubavu huo au kwa nyuma, kamwe si kwa ubavu wa barabarani. Lori lililovuka na kusimama upande wa kulia limewageuza wapagazi wake kuwa watu wa kuzunguka katikati ya magari. Wakati wa kurudi nyuma, taniboi asisimame nyuma kabisa ya lori akipiga mwili wake kwa kofi. Asimame pembeni, mahali dereva anapomwona kwenye kioo, na dereva akimpoteza kiooni asimame papo hapo. Jiwe lililowekwa kuzuia gurudumu liondolewe barabarani lori linapoondoka. Jiwe hilo usiku, kwa mtu wa bodaboda, ni kaburi.

Wapagazi nao ni wakazi. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha mfuko, na lumbesa ikawa kosa. Mgongo hautofautishi viazi na ndengu. Mfuko wa kilo 50 hushushwa haraka na kwa usalama kuliko gunia la kilo 90 linalohitaji watu wawili na matusi mengi.

Je, ni nani mwenye uwezo wa kuamua haya? Hapa wengi huchanganyikiwa na hupeleka malalamiko ofisi isiyohusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti barabara za kaunti, magari mjini na maegesho, masoko na leseni za biashara. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa, na chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 husimamiwa na KeNHA. Kaunti haiwezi kwenda tu na rangi kuchora nafasi ya kushushia kwenye barabara kuu, wala mwenye duka hawezi kujenga jukwaa la saruji ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali. Lakini uwanja wa soko, vichochoro vya nyuma na barabara ndogo zinazoingia mjini ni jambo la kaunti. Gari lililoachwa mahali linapozuia wengine au kuhatarisha maisha ni kosa la trafiki, na hilo ni la polisi. Kwa maneno mengine, suluhisho la nyuma ya maduka lina faida ya ziada: linaweza kuamuliwa hapa Machakos.

Ombi la wakazi lina nguvu likija na hesabu. Kundi la wafanyabiashara wachache linaweza kuifanya kwa daftari moja. Chagueni siku mbili, moja ya soko na moja ya kawaida. Mtu mmoja akae tangu saa 11 alfajiri, mwingine ampokee saa 6 mchana. Kwa kila gari la mizigo andikeni saa lilipofika, saa lilipoondoka, aina yake, lilibeba nini, lilisimama wapi, na kama magari yanayopita yalilazimika kuhama upande wao. Msiandike nambari za usajili. Hamtafuti wa kushtaki, na dereva akiona anaandikwa nambari atakimbia na hesabu itaharibika. Mkimaliza, jumlisheni dakika. Mara nyingi utagundua kwamba malori mawili au matatu yanachukua nusu ya muda wote, na kwamba mengine yote hayana shida. Hapo mazungumzo yanabadilika. Badala ya kupigana na kila dereva, unakwenda kuzungumza na wenye maduka wawili.

Maafikiano kati ya wenye maduka hayahitaji bajeti. Kiwanja, changarawe, taa na mabango yanahitaji, na bajeti ina kalenda yake. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, kwa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Anayesimama katika kikao cha Mei kuomba kiwanja cha kushushia ambacho hakikuwemo kwenye mpango wa Septemba amechelewa kwa miezi minane. Daftari lenu lifike kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wa wadi Julai au mapema Agosti. Isitoshe, kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake, mwezi wowote wa mwaka.

Mkiandika ombi hilo, ambatanisheni mchoro. Hauhitaji kuwa wa mhandisi. Chora barabara, maduka, kichochoro, mti mkubwa, choo cha umma, lango la shule kama liko karibu, na weka alama mahali malori yanaposimama sasa na mahali mnapopendekeza. Pimeni upana wa kichochoro kwa kamba kabla ya kukipendekeza, mahali pembamba kabisa, siyo mlangoni. Na mwulizeni dereva mmoja wa kanta apite hapo siku isiyo ya soko, lori likiwa tupu, mwone kama linageuka.